"Hawa wote ni wako?" Wazazi mlioasili watoto, mnawajibu nini watu mbele ya watoto?

Mama Neema

Wakuu, salaam. Naleta hili hapa kwa sababu kwenye grupu la WhatsApp la ukoo siwezi. Humo ndimo wanakotoka nusu ya waulizaji wenyewe.

Nina watoto wawili. Neema ana miaka 9. Tulimchukua anatambaa, kutoka kituo cha kulelea watoto. Tukapita ustawi wa jamii, tukapewa malezi ya kambo (kukaa naye kwanza chini ya uangalizi), baadaye Mahakama Kuu ikatoa amri ya kuasili, akawa mtoto wetu kisheria. Joshua ana miaka 4, huyo nimemzaa. Neema ni mweusi tii, mrefu, miguu yote ya kukimbia. Joshua katoka kwa baba yake: maji ya kunde, mfupi, kichwa kile cha ukoo (samahani Baba Neema kama unasoma). Ukiwaona pamoja unaona kabisa hawajafanana, na sisi tukishaona jambo kunyamaza hatuwezi.

Konda, muuza mboga, mama wa benchi la nyuma kanisani, wote wana swali moja: "Hawa wote ni wako?" Nikisema ndiyo, linakuja la pili: "Wa kuwazaa?" La tatu linategemea mtu. Kuna wa "mama yake yuko wapi?", kuna wa "mlimtoa kituo gani?", kuna wa "Mungu atakupa wa kike wako mwenyewe". Mmoja aliniuliza sokoni tulimlipia shilingi ngapi. Neema alikuwa hapo hapo, kabeba mfuko wa nyanya.

Hayo nilikuwa navumilia. Yaliyonileta hapa ni mawili.

La kwanza, jina langu. Mtaani nilikuwa Mama Neema miaka yote. Nilipojifungua Joshua, jirani yangu mmoja alikuja na chupa ya uji na kanga mpya, akaniambia kwa furaha ya kweli kabisa, "Hongera shoga yangu, sasa na wewe ni mama." Tangu siku zile nusu ya mtaa wananiita Mama Joshua. Hakuna kikao kilichokaa, limejiendea tu. Na mnajua kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Neema naye anajua. Mtu akibisha geti "hodi Mama Joshua!", anayekwenda kufungua ni Neema.

La pili, juzi niliwatuma dukani yeye na mdogo wake. Nikawa nakuja nyuma yao, hawajaniona. Muuzaji ni mgeni. Kamwangalia Joshua, kamwangalia Neema, na kabla hajafungua mdomo Neema akamwambia: "Mimi ni wa kulea, huyu ndiye wa kuzaliwa. Naomba mafuta ya kula robo." Sauti ileile aliyoombea mafuta.

Hatujawahi kumficha. Tulitaka ajue, na anajua. Ila sikutaka mtoto wa miaka 9 awe anajieleza kabla hajaulizwa, kama mtu anayemtolea askari kitambulisho.

Wenye uzoefu, mnawajibu nini hawa watu? Na mtoto mnamwambia nini? Naomba msiniambie "wapuuze". Kuwapuuza naweza. Neema anawasikia.

Chuma Ulete

Nimevuta kiti, kahawa mkononi, nasubiri wajuzi.

Kibega

Dada, mbona rahisi. Sema "wote wangu, huyu mkubwa kamfuata bibi yake mzaa baba." Kwisha. Nani atasafiri kwenda kumkagua bibi? Wabongo ukiwapa jibu lenye bibi ndani wanashiba.

Mjukuu wa Bibi Tausi

Kibega, hapana kaka. Mimi ndiye mtoto mwenyewe mnayemjadili. Nimelelewa Mwanza na watu ambao hawakunizaa, leo nina wanangu.

Marehemu mama alikuwa na jibu kama lako. "Huyu kafanana na shangazi yake wa Bukoba." Sasa nyumbani naambiwa ukweli wote, mpaka na jina la hospitali niliyozaliwa. Barabarani nasikia shangazi wa Bukoba. Mtoto hapo anapata jambo moja tu: kumbe hiki ninachoambiwa ndani hakifai kusikika nje. Nikaanza kumtumia huyo shangazi mwenyewe. Shuleni nilimpa duka la vitenge, nikampa na gari. Siku rafiki yangu alipoomba twende likizo kwa shangazi, nilimuua kwa ajali ya meli. Nililia kwenye mazishi niliyoyatunga.

Baba hakuwa mtu wa maneno. Mtu akimuuliza "na huyu naye wako?" alikuwa anaitika "naam", kisha anamwangalia usoni, ametulia, kama mtu anayesubiri kuambiwa shida iliyomleta. Hakunji uso, haongezi kitu. Muulizaji hapo anababaika. Wengi walikuwa wanasema "haya, mzuri" wakaondoka. Mimi nikiwa nimemshika mkono nilikuwa najisikia mrefu.

Mama Neema, binti yako dukani sidhani kama aliona aibu. Aliwahi. Nami nilikuwa nawahi. Ukijua swali linakuja, ukisema mwenyewe kwanza, angalau maneno umechagua wewe. Kwa hiyo usimkataze kusema, atadhani ni siri. Kinachokosekana ni ruhusa ya KUTOSEMA. Watoto wetu wamefundishwa mkubwa akiuliza lazima ajibiwe. Hajui kama kuna swali la mkubwa ambalo anaweza kuliacha hapo hapo na asionekane hana adabu. Hilo lazima alisikie kutoka kwako kwa maneno, na siku nyingine akuone unalifanya.

Afande Mstaafu

Nyie kina mama mnaulizwa kistaarabu. Kijiweni kwangu swali ni moja tu: "Tatizo lilikuwa lako au la mama?" Wananiuliza kijana wangu akiwa kasimama hapo anasubiri hela ya nauli.

Siku ya kwanza nilicheka nikapita. Siku ya pili nikawaambia tatizo ni ninyi. Wakacheka wao, na tangu hapo hawajarudia. Ila hicho ni kijiwe cha wazee wenzangu, tunataniana tangu depo. Usijaribu kwa padri.

Nesi wa Zamu

Niwatetee wenzangu kidogo na niwaseme pia.

Kuna maswali ya kliniki ambayo lazima yaulizwe. "Kwenye familia kuna selimundu (sikoseli)? Kisukari? Pumu?" Nchi yetu ni moja ya zile zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, siwezi kuacha kuuliza eti nitamuudhi mtu. Kama mtoto umemwasili na historia hiyo huna, sema hivyo hivyo: "Historia ya wazazi waliomzaa hatuna, naomba apimwe." Sentensi moja. Nesi mwenye akili anaandika, anaendelea na kazi.

Lakini "ulijifungulia wapi?", "kawaida au kisu?", "mbona hukumnyonyesha?", yakiulizwa kwa sauti mbele ya benchi zima la kina mama na kadi mkononi, hayo ni mazoea tu. Fomu imeandikwa hivyo na nesi anasoma hivyo. Una haki ya kumwambia, "Dada, hili naomba tuongee ndani." Usimweleze kwa nini. Na kwa mtoto mwenye akili zake kama Neema, unaweza kumwandikia daktari kikaratasi mapema ukampa na kadi. Kuna mama mmoja kwetu anafanya hivyo kila mara, tumezoea, tunasoma tunamrudishia.

Swali la kwenye benchi la "mama yake alikufa kwa nini?" halimo kwenye fomu yoyote ya serikali. Anayeuliza hilo anataka stori.

Chuma Ulete

Kahawa imeisha, niseme la moyoni. Tuwe wakweli wakuu, damu nzito kuliko maji. Haya mambo ya kuasili ni ya kina Madonna, yule mwanamuziki wa Marekani, na watoto wake wa Malawi. Mtoto akikua atatafuta kwao. Halafu ukoo wake huujui, una kifafa, una wizi, una nini. Watu wakiuliza wanakuhurumia.

Kaka Mkubwa

Chuma Ulete, mjomba wangu ni wa damu kabisa, tumbo moja na mama, na ndiye aliyeuza shamba la bibi kwa hati ya kughushi. Ukoo wake naujua mpaka kizazi cha tano. Umenisaidia nini?

Turudi kwenye mada. Mama Neema, humu mnamjadili Neema tu, na mimi nina neno juu ya Joshua, kwa sababu mimi ni Joshua. Dada yangu aliasiliwa, mimi nikazaliwa baadaye.

Mnachosahau ni kwamba watu wazima wakiona mama ana uso wa mbuzi wanahamia kwa mtoto mdogo. Mtoto hana siri, na wanajua hivyo. Nilikuwa navutwa pembeni kwenye harusi, navutwa jikoni kwenye misiba. "Eti mama anampenda nani zaidi?" "Mnakula sahani moja?" "Dada yako anajua kama si dada yako?" Hilo la mwisho niliulizwa na mwanamke mwenye cheo kikubwa kanisani, huku ananimenyea chungwa. Nilijibu anajua. Akaniuliza tena, "Na hasikii vibaya?" Nikarudi nikamwangalia dada kwa siku nzima nikitafuta kama anasikia vibaya. Alikuwa anacheza rede.

Wazazi walipogundua wakanipa maneno, mafupi, ya mtoto: "Ni dada yangu. Muulize mama." Hakuna anayekwenda kumuuliza mama. Walikuwa wananiambia niseme hivyo hata kama najua jibu, na kwamba sijakosa adabu. Kwa hiyo Joshua naye mpe yake mapema. Miaka 4 si mdogo kwa wambea.

Na usimgeuze kuwa mlinzi wa dada yake. Mimi nilipigana shuleni kwa ajili hiyo, nikachapwa, na dada mwenyewe hakupenda. Aliniambia nimefanya watu wasiokuwa wanajua wajue.

Kibega

Naondoa bibi yangu mzaa baba. Endeleeni.

Binti Kilindini

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Mombasa. Huku kwetu maswali yana dini ndani yake kwa hivyo ni magumu zaidi kuyakwepa.

Sisi mtoto tumemchukua kwa kafala, yaani malezi ya Kiislamu ambayo mtoto habadilishwi nasaba, si kuasili. Baba yake anajulikana, kwa hivyo jina lake tumemwachia, kama ilivyo kwenye Suratul Ahzab, aya ya 5, kwamba waitwe kwa baba zao. Basi mume wangu ni mwana wa fulani, mtoto ni mwana wa fulani mwengine, na kila madrasa, kila hospitali, kila ofisi: "Mbona majina hayalingani? Ni wa ndoa ya kwanza?" Kuzunguka siwezi, na sitaki, maana hilo jina ni haki yake. Tunasema "ndivyo alivyo, na sisi ndio tunaomlea." Serikalini angalau siku hizi nafuu, kwa sababu sheria mpya ya watoto ya Kenya ya 2022 imeitambua kafala kwa jina lake. Zamani karani alikuwa hajui akuandike wapi.

Lakini swali la mtaani la huku ni jengine. "Umemnyonyesha?" Mimi nilikuwa na binti mchanga wakati ule, nikawanyonyesha wote wawili, wamekuwa ndugu wa kunyonya, ambao kwa dini yetu hawaoani, na mambo ya stara ndani ya nyumba yamekuwa mepesi. Sawa. Sasa mtu mzima, mwanamume, mgeni wa mume wangu, yuko barazani na kikombe cha kahawa anataka kujua mara ngapi! Kwa sababu kwa sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, undugu huo ni mara tano mbalimbali, na kabla ya miaka miwili. Anataka kuhesabu yeye. Nilimjibu kutoka ndani, nyuma ya pazia: "Aliyestahiki kujua ni sheikh, na sheikh ashajua." Mume wangu akamwongezea kahawa, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki.

Na la mirathi nalo huulizwa sana, "akikua atawarithi hawa watoto wenu?" Kwenye kafala harithi kama mwana wa kuzaliwa, lakini wasia upo, mpaka thuluthi. Tumeshaandika. Watu hatukuwaambia.

Mwl. Chaki

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, niseme ya upande wetu.

Swali baya kuliko yote darasani si la mtu mbea, ni la mwalimu asiyejua. "Leteni picha mkiwa wachanga." "Chora ukoo wako, baba, mama, babu." "Andika umefanana na nani nyumbani." Mtoto aliyeasiliwa akiwa mkubwa picha ya uchanga hana. Nimeona mtoto anakata picha ya mtoto kwenye boksi la maziwa. Siku hizi nawaambia walete picha yoyote wanayoipenda, na mti wa ukoo nimeufanya "watu ninaoishi nao". Somo halijapungua kitu.

Ushauri wangu: mwambie mwalimu wa darasa mmoja, mwanzo wa mwaka, uso kwa uso. Usiandike kwenye daftari la mtoto, usimwambie mwalimu mkuu mbele ya katibu. Ofisi ya walimu habari ikiingia haina pa kutokea ila madirishani. Mwambie anachohitaji tu: mtoto anajua, hapendi kuulizwa mbele ya wenzake, ukiwa na swali nipigie.

Na kwenye fomu, palipoandikwa "mzazi/mlezi", mama aliyeasili kisheria ni mzazi. Weka tiki hapo hapo. Nimeona wengi wanaweka "mlezi" kwa unyenyekevu, kisha karani anauliza "mzazi yuko wapi?", na hapo maswali umeyaita mwenyewe.

Natafuta Njia

Samahani kuingilia. Wengine tunaouliza si wambea. Miye na mume wangu tumekaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto. Nikimwona mama kama Mama Neema stendi, moyo unanienda mbio, nataka kujua alianzia wapi, alimwambia nani, mama mkwe alisema nini. Sijui pa kuanzia, naishia kusema "ni wako?" kama wengine wote. Mnatutofautishaje na wambea?

Bi Mkubwa wa Temeke

Mwanangu Natafuta Njia, mbea anauliza juu ya mtoto. Wewe ungeanza kwa kujisema wewe. "Mama, samahani, na mimi natafuta mtoto wa kulea, nikupigie simu siku gani?" Hakuna mama atakayekasirika na swali hilo, na mtoto akilisikia halimchomi. Atasikia kuna watu wanatafuta watoto.

Mama Neema, mimi la jina ndilo limeniuma kuliko yote. Sisi pwani hii tumekuzwa na mama wakubwa, na shangazi, na bibi, na jirani. Nyumba yetu tulikuwa watoto wanane na mama yetu alizaa watatu. Hakuna aliyekuja kuhesabu. Ajabu ni kwamba ukichukua mtoto wa dada yako hakuna anayefungua mdomo, ukichukua mtoto asiye na dada wa kumsemea, mtaa mzima unakuwa ofisi ya uhamiaji.

Sasa fanya hivi. Mtu akibisha "hodi Mama Joshua", usiitike. Kaa kimya kabisa, hata kama umesimama ukumbini anakuona. Akirudia, itikia: "Hapa kwa Mama Neema, karibu." Usimkaripie, usimweleze, mkaribishe na chai. Akija kesho akikosea tena, hivyo hivyo. Jina la mtu halibadilishwi na jirani kama mwenye jina haitiki. Lakini ukiitika mara mbili tatu kwa uchovu, umekubali, na mtoto amesikia umekubali.

Mzee wa Halmashauri

Nilikuwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kustaafu. Nimjibu Natafuta Njia, na nimjibu yule wa "shilingi ngapi".

Binti, anza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri unayoishi, wewe na mumeo. Usiende kituoni kuchagua mtoto, na usimpe mtu yeyote hela ya "kukurahisishia", hata kama anavaa tai. Mtakaguliwa nyumbani, mtaulizwa maswali mengi (hayo ya kwetu yana sababu). Mkikubaliwa mnaanza na malezi ya kambo chini ya uangalizi, ndipo shauri la kuasili linakwenda Mahakama Kuu, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009 huku Bara. Linasikilizwa faragha, si mahakama ya wazi. Amri ikitoka, Msajili Mkuu anamwandika kwenye daftari la watoto walioasiliwa, na kuanzia hapo kisheria ni mtoto wenu kama aliyezaliwa ndani ya ndoa hiyo, mpaka kwenye urithi.

Kwa hiyo mtu wa sokoni akiuliza mlilipa ngapi, kununua mtoto ni jinai, na jaji alikwishauliza hilo kabla yake. Mwambie hivyo au usimwambie. Nilichoona mimi, kesi nyingi, ni kwamba mtoto anayesikia "tulikwenda mahakamani kwa ajili yako" analipenda sana hilo. Wengine wanaomba kuona karatasi yenye mhuri.

Afande Mstaafu

Kweli kabisa mzee. Wangu aliomba kuiona, akauliza kama jaji alivaa lile wigi.

Chuma Ulete

Sawa, nimesoma yote. La wizi nalifuta. La kutafuta kwao silifuti, atatafuta.

Mjukuu wa Bibi Tausi

Atatafuta au hatatafuta, mimi nilitafuta. Nikapata mama mdogo mmoja, tunapigiana simu sikukuu. Kisha nikarudi nyumbani kwetu Mwanza kula chakula, maana nyumbani nako walikuwa wananisubiri waniulize imekuwaje. Wewe ulidhani mtu akitafuta anahama?

Mama Neema

Jamani, asanteni. Sikujua uzi utafika huku, nimesoma na Baba Neema mpaka usiku.

Naleta mrejesho, haya. Jumamosi tulikaa na watoto jikoni tukacheza "mama mbea". Neema alitaka yeye ndiye awe mbea. Kajifunga kanga mpaka kifuani, kabeba kikapu, kaniuliza kwa sauti ya mama mmoja wa mtaani kwetu (nimemtambua mara moja, sisemi), "Heee, hawa wote ni wako?" Nikaitika "naam", nikamwangalia. Akashindwa, akacheka. Akarudia, "Wa kuwazaa?" Nikamwambia, "Mama, umekuja kununua nini?" Hilo alilipenda mno, ndilo analolitumia sasa. Joshua yeye kila akiulizwa anapiga kelele "MUULIZE MAMA" hata akiulizwa kama ameoga.

Nikamwambia lile la ruhusa, maneno yaleyale ya Mjukuu: habari yake ni yake, akitaka kumwambia mtu amwambie, asipotaka anyamaze, na mkubwa akikasirika mimi nipo. Akaniuliza, "Hata mwalimu?" Nikasema hata mwalimu. "Hata mchungaji?" Hata mchungaji. "Hata bibi?" Hapo nilikaa kidogo kabla ya kujibu. Nikasema hata bibi.

Tumekubaliana pia kialama. Tukiwa pamoja mtu akiuliza, akinibana kidole nijibu mimi, asiponibana anataka kujibu mwenyewe. Jana kwa fundi cherehani hakunibana. Fundi kauliza mkubwa ni wa nani, Neema akasema "wa Mama Neema", akaendelea kuchagua vifungo.

La jina, Bi Mkubwa, nimeanza. Jirani wa uji aliita mara tatu getini nikiwa nimesimama dirishani, tunaangaliana. Nikamwitikia ulivyosema, nikamwekea na chai. Kanywa, katulia, akaniuliza kama nimeanza kuwa kiziwi. Tutafika.

Natafuta Njia

Dada, hiyo ya bibi imenishika. Mama mkwe wako ndiye anaulizaga? Maana wangu hata hatujaanza na tayari.

Mama Neema

Huyo bado, mdogo wangu. Kila nikimpigia simu anaanza "mjukuu wangu hajambo?", kwa umoja. Nilikuwa najibu "hawajambo". Sasa najibu, "Unamuuliza yupi, mama?" Kimya cha kule upande wa pili gharama yake nalipa mimi.

Anakuja Desemba, atakaa mpaka mwaka mpya. Inbox ipo wazi kwa mwenye mbinu.